Maswali Yenu: Ndoa Imekwisha, Moyo Bado

Tangu tuwaombe barua kuhusu maisha baada ya kuachana, zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechagua sita. Wanaojibu ni wanasihi wetu wawili na mwanasheria wetu, na majina ya walioandika tumeyaacha. Aliyeachika huambiwa na kila mtu asahau, lakini ni wachache wanaomwambia aanzie wapi. Sisi tunaona moyo hutulia kwa kupanga yale yanayoonekana, moja baada ya jingine: saa za jioni, usingizi, chakula, simu, watoto, mali. Ndiyo maana majibu yetu yana saa na hatua.

Ni mimi niliyedai talaka. Mbona namlilia?

*Shikamooni. Nina miaka 38 na nilikaa kwenye ndoa miaka 14. Mahakama ilituachanisha miezi mitano iliyopita, na mimi ndiye niliyekwenda kudai kwa sababu ya kipigo. Lakini kila usiku nalia. Mara mbili nimempigia simu, ikaita, nikakata. Dada zangu wanasema nimelogwa. Je, nilikosea kuondoka? (Dada wa Mbagala, Dar es Salaam)*

Marahaba, dada. Hukukosea, na hujalogwa. Uliondoka ili uwe salama, na usalama huo umeupata. Machozi yanatoka kwingine: miaka 14 mwili wako ulizoea sauti ya mtu mmoja, saa zake za kurudi, hata harufu yake, na mazoea hayajui hukumu ya mahakama. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, waliyapanga matukio ya maisha kwa uzito wake. Kifo cha mwenzi walikipa pointi 100, talaka 73, kutengana 65. Orodha yao haimtofautishi aliyeacha na aliyeachwa. Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walipima ubongo wa watu 15 waliokuwa wamekataliwa karibuni na wapenzi wao, huku wakitazama picha za wapenzi hao. Baadhi ya sehemu zilizoamka ni zile zinazohusika na hamu ya mraibu wa kokeini. Kwa hiyo hamu ya kupiga simu ikikushika usiku, usiichukue kuwa ni ushahidi kwamba unampenda au kwamba arudi. Ni hamu, itapanda, na usipoilisha itashuka.

Sasa chukua karatasi. Upande wa kushoto andika vile unavyovikosa, kwa undani kabisa: mtu wa kufunga geti usiku, mtu wa kula naye, mtu wa kugawana naye ada ya shule, mtu wa kumwambia yaliyotokea kazini. Ukimaliza utaona kwamba mengi ni kazi zilizokuwa zikifanyika, na kila kazi inaweza kupata mtu au njia nyingine. Upande wa kulia andika nani au nini kitashika nafasi hiyo. Geti ni kufuli jipya. Mazungumzo ya jioni ni dada yako mmoja mliyekubaliana awe anapokea simu yako saa 2 usiku, dakika 15 tu, kila siku. Yatabaki machache yasiyo na mbadala. Hayo ndiyo ya kuyalilia, na uyalie bila aibu.

Karatasi ya pili ni muhimu zaidi kwako kwa sababu ya kipigo. Kumbukumbu ya aliyeondoka huchagua siku nzuri. Andika matukio matano yaliyokufanya uondoke, na tarehe kama unazikumbuka, uikunje uiweke kwenye pochi ya simu. Kabla ya kumpigia, isome yote. Na usiende peke yako kuchukua vyombo wala nguo kwake, hata akikuita kwa upole. Kipindi cha baada ya mwanamke kuondoka ni miongoni mwa vipindi vya hatari zaidi kwa aliyekuwa akipigwa. Nenda na mjumbe na ndugu wawili, au pitia kwanza Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Kuhusu usiku: sogeza kitanda upande mwingine wa chumba na ubadilishe mashuka, kwa sababu macho yakiona chumba kile kile yanamtafuta mtu yule yule. Amka saa ileile kila siku, tuseme saa 12 asubuhi, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usilale mchana zaidi ya nusu saa. Simu ichajiwe nje ya chumba. Ukikaa kitandani ukaona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, inuka, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha kama kukunja nguo, urudi usingizi ukikuvuta. Wanaoshindwa ni wale wanaobaki kitandani kwa saa tatu nzima wakijigeuza, mpaka kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa mawazo. Na tafadhali usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa bila daktari. Diazepamu na jamaa zake huzoeleka ndani ya wiki chache, na kuziacha ghafla ni shida mpya.

Huzuni yako ina siku nzuri na siku mbaya, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ukipitisha wiki mbili ambapo karibu kila siku, kutwa nzima, huna furaha wala hamu ya chochote, huli au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani, kazi zimekushinda, hiyo yaweza kuwa sonona. Nenda hospitali ya wilaya uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Wanatibu kwa mazungumzo, na wakati mwingine kwa dawa. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi.

Naogopa kurudi nyumbani kwangu

*Mke wangu aliondoka na watoto mwaka jana, talaka ikatoka Machi. Nina miaka 45. Nikitoka kazini napitia baa mpaka saa 5. Wenzangu wananiambia niopoe mwingine, mwanaume halii. Usiku nashtuka saa 9, moyo unadunda. Wakati mwingine nafikiri bora nisingekuwepo. (Kaka wa Morogoro)*

Kaka, tuanze na sentensi yako ya mwisho kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo uliyotuandikia: kaka yako, mjomba, padri, sheikh, daktari. Usiyapunguze makali ili asishtuke. Kama nyumbani kuna sumu ya shamba, silaha, au akiba ya vidonge, mpe mtu akavitunze kwake. Wazo la kujiua hupanda kwa ghafla na kushuka, na aliye mbali na kitu cha kujidhuru mara nyingi hulivuka. Likikushika na ukaona huliwezi, nenda hospitali idara ya dharura saa yoyote na useme wazi, "Nina mawazo ya kujiua." Usiseme una malaria.

Kule kushtuka saa 9 kunaelezeka. Pombe huleta usingizi upesi, lakini ikishaanza kuisha mwilini usiku wa manane, ubongo huruka juu na mapigo ya moyo hupanda. Kwa hiyo unakunywa ili ulale, na pombe hiyohiyo ndiyo inayokuamsha saa ambayo mawazo yana nguvu zaidi. Kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache kwa mpigo mmoja nyumbani peke yako. Siku mbili tatu za kwanza zinaweza kuleta jasho, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege linaloua. Daktari anaweza kukusimamia. Kama hujafika huko, anza kwa kubadili njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu miguu ndiyo inayokupeleka baa kabla akili haijaamua. Chagua siku nne za wiki zisizo na pombe, umwambie mwenzako mmoja ni zipi.

Giza la nyumbani tulitazame nalo. Acha taa ya sebuleni ikiwaka unapotoka asubuhi, na redio ikiwezekana. Ingia ukiwa na shughuli mkononi: mboga za kukatakata, nguo za kupiga pasi, baiskeli ya kutengeneza. Wanaume wengi walioachika hawali, wanakunywa tumbo tupu, na pombe inawaingia haraka zaidi. Jifunze mapishi matatu tu. Robo kilo ya maharage ikichemshwa vizuri hutosha milo miwili mitatu ya mtu mmoja, na mayai mawili na mchicha hayachukui dakika 15. Kula kabla ya saa 2 usiku.

Kuna jambo moja tunaliona kwa wanaume mara kwa mara. Siri zako zote ulikuwa unampa mkeo. Alipoondoka, uliondokewa na mke na pia na mtu pekee uliyekuwa ukizungumza naye. Wenzako wa baa ni wa kucheka nao. Tafuta wawili wa aina mbili: mmoja wa kumwambia ukweli, na mmoja wa kufanya naye kazi bila maneno mengi, iwe shamba, mazoezi au kwaya. Na watoto wako wapangie siku. Simu ya dakika tano kila jioni saa 1 ina uzito kuliko zawadi kubwa mwisho wa mwezi. Kuhusu kuopoa mwingine, acha kwanza. Mwanamke atakayeingia sasa ataingia kuwa dawa, na ukipata nafuu kidogo mtashindwa kujua mko pamoja kwa nini.

Niko edani, na hajui anataka nini

*Assalaam alaykum. Mume wangu amenipa talaka moja mwezi uliopita, akanirudisha kwa mamangu. Usiku hunitumia ujumbe, leo asema atanirejea, kesho asema basi. Shangazi zangu wanambia nisubiri, wala nisilie. Chakula hakipiti. (Dada wa Mombasa)*

Waalaykumu salaam, dada. Kinachokumaliza ni kutojua, na kutojua huchosha kuliko habari mbaya. Basi tuanze na yanayojulikana. Talaka moja ni talaka rejea. Eda yako, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, ni twahara tatu (vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi) kwa mwenye hedhi. Asiyepata hedhi hukaa miezi mitatu, na mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Ndani ya muda huo mume anaweza kukurejea bila akdi (mkataba wa ndoa) mpya. Eda ikiisha bila rejea, njia ni akdi mpya na mahari mapya, na hapo ridhaa yako inahitajika. Weka alama kwenye kalenda kila hedhi inapoanza na kuisha. Subira yenye mwisho unaoonekana ni nyepesi kuibeba.

Ujue pia kwamba kukurudisha kwa mamako ni mazoea ya watu. Surat At-Talaq, aya ya kwanza, inakataza wanawake wa talaka kutolewa majumbani mwao katika eda, na malazi na matumizi yako katika eda hii ni juu yake. Ukipenda kubaki kwa mama kwa utulivu wako, baki, lakini matumizi yako uyadai. Akigoma, Mahakama ya Kadhi inasikiliza mambo haya, na huhitaji kugombana naye kwa simu.

Zile jumbe za usiku zizuie kwa jibu moja, la asubuhi: "Neno lolote la kurejea zungumza na mjomba, mbele ya mashahidi." Baada ya hapo usijibu. Simu izimwe saa 3 usiku. Anayetaka kurejea kweli atakwenda kwa mjomba, na anayetaka tu kujua kama bado unamlilia atachoka. Huku ukingoja, andika kurasa mbili: ukirejewa, masharti yako ni yapi na nani atayasimamia; eda ikiisha, utakaa wapi, utakula nini, mwezi wa kwanza utaanza na kazi gani. Ukishakuwa na kurasa zote mbili, uamuzi wake hautakukuta mikono mitupu.

Na kulia ulie. Hakuna katika eda kinachokataza machozi. Chakula ukile kwa saa badala ya kungoja njaa: uji kikombe kimoja saa 1 asubuhi, tunda saa 4, wali kidogo na samaki adhuhuri. Nusu sahani inatosha kwa sasa.

Watoto wananiuliza baba atarudi lini

*Nina wawili, wa miaka 5 na 11. Baba yao aliondoka miezi minne sasa. Nimewaambia amesafiri. Mdogo ameanza kukojoa kitandani, mkubwa hasemi neno. Baba akiahidi kuja Jumamosi, mara nyingine haji, na mdogo analia mlangoni. (Mama wa Mwanza)*

Mama, hili la "amesafiri" liondoe wiki hii. Anayesafiri hurudi, kwa hiyo umempa mtoto kazi ya kungoja. Mkubwa ameshajua si kweli, ndiyo maana amenyamaza: haoni tena kama kuna faida ya kuuliza. Kama baba yao yuko tayari, semeni mkiwa wawili. Kama hayuko, sema mwenyewe, mchana, siku isiyo ya shule, bila wageni. Maneno yawe machache: "Baba na mama hatutaishi tena nyumba moja. Ni jambo la wakubwa, na wewe hukufanya kosa lolote. Utaendelea kulala hapa, shule ni ileile. Baba ataendelea kuwa baba yako." Usiahidi usilolijua. Usieleze nani alimkosea nani.

Mtoto wa miaka 5 mara nyingi huamini kwamba utundu wake ndio uliomfukuza baba. Hamwambii mtu. Kwa hiyo ile sentensi ya "hukufanya kosa" irudie mara nyingi, hata asipouliza, kwa miezi. Kukojoa kitandani baada ya mabadiliko makubwa hutokea sana na kwa kawaida hupungua nyumba ikitulia. Usimchape, usimwanikie godoro mbele za watu, na mkubwa asimcheke. Tandika plastiki chini ya shuka, aende haja ndogo kabla ya kulala, mwamshe mara moja wewe unapokwenda kulala. Lakini kama anaumia akikojoa, ana homa, au anakunywa maji mengi huku anakonda, mpeleke akapimwe mkojo na sukari, maana hapo sababu yaweza kuwa ya mwili.

Mkubwa usimketishe uso kwa uso umhoji. Watoto wa umri huo huzungumza mikono ikiwa kazini: mkiosha vyombo, mkitembea kwenda sokoni. Sema jambo moja, nyamaza. "Nadhani unamkumbuka baba. Hata ukimkumbuka, mimi sitakasirika." Hiyo ya mwisho ndiyo anayohitaji, kwa sababu anadhani kumpenda baba ni kukusaliti. Usimgeuze kuwa mume mdogo wa nyumba wala mtu wa kumlilia. Na asiwe mjumbe: "mwambie baba yako atume pesa" ni mzigo unaomkata mtoto katikati. Mwambie mwalimu wa darasa kwa sentensi mbili, ili akiona ameshuka asidhani ni uvivu.

Kuhusu Jumamosi. Bandika kalenda ukutani, siku za baba zipakwe rangi. Mkubaliane kwamba atapiga simu akishatoka kwake. Kabla ya simu hiyo, usimvishe mtoto nguo za kutokea wala kumwambia "baba anakuja". Asipokuja, sema, "Baba hakuja leo. Najua umeumia," halafu mfanye jambo jingine mlilolipanga. Usimtetee kwa uongo, usimtukane. Makabidhiano kama yanaleta ugomvi, yafanyike kwa bibi au mahali pa watu, dakika kumi zinatosha. Mtoto akirudi usimuulize alimkuta nani huko.

Matunzo nayo yapangiwe tarehe maalumu ya mwezi, yatumwe kwa simu, ili kumbukumbu ibaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wote wawili, na akikwepa, mlango wa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii, bure. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini kudai matunzo peke yake si sababu ya kumpoteza mtoto. Na kama kuna wakati utahitaji kuzungumza na mtu kuhusu mtoto, namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Naangalia stetasi zake, kisha naandika daftari zima

*Tumeachana mwaka huu. Naangalia stetasi zake kwa namba ya rafiki yangu, kisha naandika daftari mpaka saa 7 usiku nikitafuta sababu. Je, kuandika kunasaidia? (Msomaji wa Singida)*

Kuangalia, acha kabisa. Mwaka 2012 mtafiti Tara Marshall aliona kwamba wanaoendelea kumfuatilia waliyeachana naye kwenye Facebook walikuwa na uchungu na hamu kubwa zaidi kuliko wasiofuatilia. Zuia namba, na rafiki yako asikupe tena simu yake kwa kazi hiyo. Mawifi na mashemeji si lazima uwafute, ila waambie mara moja: "Habari zake msiniletee, nzuri wala mbaya." Picha zitie bahasha moja, mpe mtu unayemwamini akae nazo mwaka mzima. Usizichome: waliochoma kwa hasira wengine hujuta, hasa wenye watoto.

Kuandika hutegemea unaandika nini. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu waliotengana karibuni. Wenye tabia ya kutafutatafuta maana ya yaliyowapata, walipoagizwa kuandika hisia zao, walikuwa na hali mbaya zaidi miezi mingi baadaye kuliko wenzao walioagizwa kuandika tu shughuli za siku yao. Barua yako inaonyesha wewe ni wa kundi hilo. Basi daftari liwe la dakika 15, saa 12 jioni, na liandike mambo matatu: nimefanya nini leo, kesho nafanya nini saa ngapi, nani nimezungumza naye. "Kwa nini" iache. Daftari halina jibu hilo.

Hatukuwa na cheti, wananiuliza nalia nini

*Tuliishi pamoja miaka 9, tukajenga nyumba ya vyumba vitatu. Ameoa mwingine, mimi nimerudi kwetu na begi. Watu wanasema hatukufunga ndoa, sina cha kulilia wala kudai. (Dada wa Tabora)*

Una cha kulilia, dada, na huenda una cha kudai. Aliyefiwa hupikiwa na kukaliwa matanga. Aliyeachwa bila cheti hakuna anayemjia, na huzuni isiyo na mashahidi hukaa muda mrefu. Kwa hiyo waite mwenyewe watu watatu, uwaambie: "Miaka 9 imekwisha, nimeumia, naomba mnitembelee kila mmoja mara moja kwa wiki mwezi huu." Watu wengi hawaji kwa sababu hawajui kama waje.

Mwanasheria wetu anasema hivi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano kama mmoja wenu tayari alikuwa na ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine. Ikithibitika, mahakama inaweza kutoa amri za mali na matunzo. Na usiambiwe kwamba hukuleta pesa: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kusanya risiti za saruji na bati, picha za ujenzi, majina ya mafundi, na majirani wawili au watatu watakaosema waliwajua kama nani. Anza na msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Kanuni yetu ya saa ni hii: nyaraka na mambo ya kesi yafanye asubuhi ya siku moja ya wiki, kisha bahasha ifungwe. Anayebeba kesi kutwa nzima kichwani anaishi na yule mtu bado, na kesi za mali haziishi kwa mwezi mmoja. Lakini usiiache kwa uchovu pia. Tumeona watu wanaosema wamesamehe nyumba, na kila wakipita mtaa ule wanaanza upya.

Kuhusu kupenda tena, swali ambalo wewe na wengine mmeliuliza mwishoni mwa barua zenu, hatuna idadi ya miezi ya kukupa. Tunaangalia dalili. Unalala usiku mwingi. Unaweza kusimulia yaliyotokea kwa dakika tano bila mwili kutetemeka. Umepitisha sikukuu moja kubwa peke yako ukaiweza. Kodi na chakula unavimudu bila kumtegemea mgeni. Watoto wakutanishwe na mtu huyo mkishakuwa na uhakika, kwanza kwa saa moja na mahali pa wazi, bila kumwita baba wala mama. Na waliokuwa na ndoa ya cheti, hukumu na cheti cha talaka viwe mkononi kabla ya posa kupokelewa. Kwa Wakatoliki, talaka ya mahakama haifungui ndoa ya kanisa, kwa hiyo mwoneni paroko mapema awaeleze kama shauri lenu linaweza kupelekwa mahakama ya kanisa ya jimbo. Hilo huchukua muda, na ni vizuri mchumba alijue tangu mwanzo.